Kompyuta mbili, parseli moja: tutafute kosa kwa utaratibu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale walioko mbali na wale waliokuwa shambani siku ile.)



Komite imeniomba niseme juu ya zile kompyuta. Najua wengine wenu mnafikiri: hii ni kazi ya vijana, sisi inatuhusu nini? Ninawaomba mnipe muda kidogo. Kaye ya akiba yenu, majina yenu, picha za karatasi zenu za shule za kule kambini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote leo viko ndani ya mashini. Kama mashini hazisikilizane, ni ninyi mnaoumia.

Wote mnajua namna tuko. Chama hakina biro. Kompyuta moja iko nyumbani kwa sekreteri, nyingine iko nyumbani kwa mtunza hazina, parseli moja, mlango kwa mlango, hata metre 20 hazifiki. Ya tatu, ile ya zamani, iko kwa vijana wanaosoma. Sekreteri anaandika majina na mahudhurio. Mtunza hazina anaandika franga. Kila jioni mtoto anatumwa na flashi, ambayo wale waliobaki huku wanaita kle, kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile, kuchukua faili na kuirudisha.

Sasa mlisikia yaliyotokea kwa mama mmoja wetu wakati wa matanga ya mume wake. Alikuwa amelipa michango yake yote. Lakini malipo ya miezi miwili yalikuwa yameandikwa kwenye kaye ya nyumba moja, halafu flashi ikaja na kaye ya zamani kutoka nyumba ya pili, ikafunika ile mpya. Siku ya msiba akaambiwa hayuko sawa na chama, msaada wa matanga usubiri. Mtu yuko na maiti ndani, anaambiwa subiri! Tuliokoa jambo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametunza risiti zake ndani ya kitambaa. Mashini haikumwokoa. Karatasi ndiyo ilimwokoa.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni hii: kaye iwe moja tu, ikae fasi moja, na nyumba zote mbili ziisome na kuiandika bila flashi. Hiyo inawezekana, wala haina gharama kubwa. Shida ni kwamba mara nyingi mnajaribu, kompyuta moja haioni nyingine, mnakata tamaa, mnarudi kwa flashi. Leo nataka tujifunze kutafuta kosa pole pole, kwa mpango, bila kubonyeza kila kitu kama mtu anayetafuta sindano usiku.

Kwanza tuondoe hofu ya mega

Watu wengi hapa wanafikiri WiFi na intaneti ni kitu kimoja. Hapana. Ile kisanduku yenye antena, ruta, ni kama njia ndani ya parseli. Intaneti ni barabara kubwa ya kwenda nje. Ukitoka jikoni kwenda nyumba kubwa, hulipi nauli ya basi. Vilevile faili ikitoka kompyuta ya sekreteri kwenda ya mtunza hazina kwa ruta hiyo, haili mega hata moja. Ruta inaweza kuwa haina intaneti kabisa, haina kadi ya simu ndani, na bado kompyuta zikaongea. Windows itaandika kwamba hakuna intaneti. Muiache iandike. Sisi hatutafuti intaneti, tunatafuta jirani.

Njia, nyumba, mlinzi, ufunguo, chumba

Ili msisahau, fikirieni mgeni anayetaka kufika kwenye chumba chako kuchukua kitu. Lazima kuwe na njia. Lazima ajue nyumba ni ipi. Lazima mlinzi wa getini amruhusu. Lazima awe na ufunguo wa mlango. Na akiisha kuingia, lazima awe na ruhusa ya kile chumba. Mambo matano. Kosa lolote la kompyuta zisizoonana liko kwenye moja ya hayo, na ukiyafuata kwa mpangilio huo hutapotea. Usirukie ufunguo wakati njia yenyewe haiko.

Njia. Swali la kwanza: kompyuta zote mbili ziko kwenye rezo moja kweli? Mara ngapi nimeitwa, nakuta moja imeshika ruta, nyingine imeshika simu ya kijana kwa sababu jana alikuwa anaangalia mpira. Zote zinaonyesha alama ya WiFi, zote zinaonekana nzuri, lakini kila moja iko kwenye njia yake. Soma jina la rezo kwenye kila kompyuta. Yawe sawa, herufi kwa herufi.

Tena angalia: ruta nyingine zinatoa majina mawili, moja ya wenyeji na moja ya wageni. Ile ya wageni kwa kawaida inazuia mashini zisionane, hiyo ndiyo kazi yake. Kuna pia ruta zenye mpangilio unaotenga kila mashini na nyingine hata kwenye rezo ya wenyeji. Simu nyingine zinazotoa WiFi zinafanya vilevile. Kama kila kompyuta inafikia ruta lakini kompyuta hazifikiane kabisa, shuku hicho.

Je, kama hatuna ruta, tukavuta kamba moja tu kati ya kompyuta na kompyuta? Inawezekana. Kamba ya rezo inafika mpaka metre 100, sisi hatuhitaji hata robo yake. Lakini hapo iko mtego, nitausema tukifika kwa mlinzi.

Nyumba. Kila kompyuta iko na namba yake, adresi. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, bonyeza ingia. Tafuta mstari wa IPv4. Mara nyingi utaona 192.168 halafu namba mbili nyingine. Kompyuta zote mbili ziwe na namba tatu za kwanza sawa, ya mwisho iwe tofauti. Mfano moja 192.168.1.10, nyingine 192.168.1.11. Hizo ni nyumba mbili za mtaa mmoja.

Ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba adresi, ikasubiri, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Maana yake haikufika kwa ruta. Rudi kwenye njia: kamba imelegea, au ruta imezimika na kuwaka nusunusu juu ya umeme. Zima ruta, hesabu mpaka 30, washa, subiri dakika 2.

Kisha bisha hodi. Kwenye dirisha lile jeusi andika ping, acha nafasi, andika adresi ya ruta. Ikijibu, njia mpaka ruta ni nzima. Kisha ping adresi ya jirani. Ikijibu, vizuri sana, vuka kwenda mbele. Isipojibu, msiseme haraka kwamba njia imekatika. Windows iko na tabia: mlinzi wake akiwa mkali, hajibu hodi hata kama yuko nyumbani. Kwa hiyo kutojibu peke yake hakutoshi kuhukumu.

Jambo lingine la nyumba. Ruta inagawa adresi upya. Leo sekreteri ni 10, kesho umeme ukikatika na kurudi anakuwa 14. Aliyezoea kwenda 10 anabisha kwa mtu ambaye hayuko. Dawa: ndani ya mipangilio ya ruta kuna sehemu ya kuwekea mashini adresi isiyobadilika. Ifanyeni kwa ile kompyuta inayotunza kaye. Mara moja tu, na shida hiyo inakwisha.

Mlinzi. Hapa ndipo makosa mengi yanalala. Windows ikishika rezo mpya inataka kujua: hii ni rezo ya watu wote, kama ya hoteli, au ni ya kwako? Mashini zetu zinaongea Kifaransa, kwa hiyo mtaona maneno Public na Privé. Ukiwa kwenye Public, kompyuta inajificha, inafunga milango, haionyeshi faili kwa mtu. Hiyo ni akili nzuri ukiwa sokoni au kwenye kituo cha intaneti, wala msiibadilishe huko. Lakini ndani ya parseli yetu, rezo yetu yenye neno la siri letu, ziwe Privé, kompyuta zote mbili. Mara nyingi watu wanabadilisha moja na kusahau nyingine.

Ukiisha kuweka Privé, ingia kwenye mipangilio ya kushiriki, ile ya Partage, uwashe mambo mawili: kompyuta ionekane kwenye rezo, na faili zishirikiwe.

Sasa ule mtego wa kamba. Ukiunganisha kompyuta mbili kwa kamba bila ruta, Windows haitambui hiyo ni rezo gani, basi inaiweka Public yenyewe. Mnaandika adresi kwa mkono vizuri, kamba ni nzima, taa zinawaka, na bado kimya. Mnalaumu kamba bure. Ndiyo maana nashauri ruta ndogo, hata ile ya zamani isiyo na intaneti. Windows inaikumbuka, inabaki Privé.

Na kama mmeweka programu ya kuzuia virusi kutoka kampuni nyingine, ujue inaweza kuwa na mlinzi wake wa pili. Walinzi wawili getini, kila mmoja na sheria zake. Ili kujua kama ndiye anayezuia, mzime kwa dakika moja, jaribu, kisha umwashe tena palepale. Ukikuta ndiye, mfundishe kwamba rezo ya parseli ni ya kuaminika. Usimwache amelala.

Msiamini orodha. Wengi wenu mnafungua ile sehemu ya Rezo, mnatafuta picha ya kompyuta ya jirani, haionekani, mnasema imekufa. Ile orodha ni ya kuchelewa, na wakati mwingine haijazi majina hata kama kila kitu ni kizima. Fanya hivi: fungua dirisha lolote la faili, juu kabisa ambapo njia ya faili imeandikwa, futa, andika alama mbili za mkwaju uliolala nyuma halafu adresi, hivi: \\192.168.1.10, bonyeza ingia. Kama inafunguka, kazi imekwisha, orodha haina maana. Ukitaka usiandike kila siku, ipe ile njia herufi yake, kama Z, ikae kati ya diski zako.

Tena kumbukeni jambo dogo linalochekesha: kompyuta iliyolala haiwezi kumfungulia mtu. Ile ya sekreteri tuliipanga ilale baada ya dakika 15 ili kuokoa betri. Basi kila mara mtunza hazina akija jioni anakuta mlango umefungwa, anafikiri rezo imekufa. Mtu anayeshika kaye ya wote lazima awe macho saa za kazi. Tukubaliane saa, kwa mfano saa 11 mpaka saa 1 jioni, sola ikiwa bado na nguvu, kompyuta hiyo isilale.

Ufunguo. Umefika mlangoni, mashini inauliza jina na neno la siri. Hapa watu wanagombana na mashini mpaka usiku. Sikilizeni mambo matatu.

Moja: inauliza jina na neno la siri la ile kompyuta unayoiendea. Haitaki la kwako. Ukienda kwa jirani, ufunguo wa nyumba yako haufungui kwake.

Mbili: zile namba nne mnazobonyeza asubuhi kufungua kompyuta, hazifanyi kazi kwa rezo. Namba hizo ni za mashini ile tu, mkono wako ukiwa juu yake. Rezo inataka neno la siri lenyewe.

Tatu: kama akaunti haina neno la siri kabisa, Windows inakataa kuipokea kutoka mbali. Wengine wanafikiri wakiondoa neno la siri mambo yatakuwa mepesi. Yanakuwa magumu zaidi.

Njia nzuri ni hii: kwenye kompyuta inayotunza kaye, tengeneza akaunti moja kwa kila mtu wa kazi, na neno lake la siri. Mtunza hazina awe na yake. Katibu wa mikopo awe na yake. Na mkibadilisha neno la siri, ile kompyuta nyingine inaweza kuendelea kutoa lile la zamani lililohifadhiwa, na kila mara inakataliwa bila kukuuliza. Nenda mahali Windows inapotunza maneno ya siri, kwa Kifaransa chake Gestionnaire d'identification, futa lile la zamani, uingie upya.

Chumba. Umeingia, unaona folda, lakini ukibonyeza inasema huna ruhusa. Au unasoma, lakini huwezi kuandika. Hapa kuna kufuli mbili juu ya mlango mmoja, na wengi wanajua moja tu. Kufuli ya kwanza iko kwenye kushiriki: nani kutoka rezo anaweza kuingia. Ya pili iko kwenye folda yenyewe, ile sehemu ya usalama: nani anaweza kuigusa. Mtu anayekuja kwa rezo anapita zote mbili, na ile kali zaidi ndiyo inashinda. Ukimpa mtu kuandika kwenye ya kwanza, na ya pili inamruhusu kusoma tu, atasoma tu. Ziangalie zote mbili.

Kuna kishawishi hapo: kuwapa watu wote ruhusa zote ili tupumzike. Hapana, ndugu zangu. Ndani ya folda ile kuna deni la kila mtu, kuna sababu za mikopo, kuna karatasi za familia. Mtoto anayekuja kucheza kwenye kompyuta ya vijana asiweze kusoma kwamba baba fulani amekopa kwa ajili ya hospitali. Wenye kuandika wawe wawili. Wa kusoma awe wa tatu, yule wa kamati ya ukaguzi. Kompyuta ya vijana iwe na folda yake ya masomo, basi.

Ile kompyuta ya zamani

Vijana wameuliza juu ya mashini moja waliyoletewa yenye Windows XP, kwamba haiongei na zile mpya. Ni kweli, na ni vizuri isiongee. Kompyuta zikigawana faili zinatumia lugha moja inayoitwa SMB. XP inajua ile ya kwanza tu, ya kizamani, SMB1. Windows 10, tangu matoleo ya mwisho wa mwaka 2017, haiji tena na lugha hiyo ikiwa wazi.

Sababu ni hii. Mwezi wa 5 mwaka 2017 virusi vinavyoitwa WannaCry vilipita kwenye kasoro ya SMB1, vikaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200 000 katika nchi zaidi ya 150, vikafunga faili za watu na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Dawa ya kasoro ile Microsoft walikuwa wameitoa mwezi wa 3, lakini wengi hawakuwa wameiweka. Kwa hiyo mtu akiwaambia muiwashe SMB1 ili XP iingie, mwambieni hapana. Mashini ile ifanye kazi ya kuandikia masomo peke yake, nje ya rezo ya chama.

Windows 7 ni jambo tofauti kidogo. Inajua lugha ya pili, itaongea na mpya bila SMB1. Lakini tangu tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka 2020 haitengenezwi tena kwa watu wa kawaida, na Windows 10 nayo matengenezo yake ya kawaida yamekwisha tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025. Hatuwezi kuzitupa leo. Lakini tuzilinde: zisiende ovyo kwenye intaneti, na flashi za watu zisiingizwe humo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Hili litawapata, kwa hiyo lishikeni. Mtunza hazina amefungua kaye, umeme unakatika. Ukirudi, anataka kuandika, mashini inamwambia kaye imeshikwa na mtu mwingine, asome tu. Mtu huyo ni yeye mwenyewe! Excel inapofungua kaye inaweka karibu yake faili ndogo iliyofichwa, jina lake linaanza na ~$. Ni kama kitambaa mlangoni, kusema ndani kuna mtu. Ukifunga vizuri, kinaondolewa. Umeme ukikatika, kinabaki. Hakikisha kweli hakuna aliyefungua kaye kwenye kompyuta nyingine, iambie Windows ikuonyeshe faili zilizofichwa, futa ile ndogo peke yake, fungua tena.

Lakini kama hukuhakikisha, ukaambiwa "soma tu", ukatengeneza kopi yako pembeni yenye jina jipya, basi umerudisha kaye mbili. Tumerudi kwenye shida ya yule mama. Ukiambiwa soma tu, subiri au uliza. Usitengeneze kopi.

Kushiriki si kuhifadhi

Neno zito zaidi nimeliacha karibu na mwisho. Kaye ikiwa fasi moja, ikiharibika pale imeharibika kwa wote. Diski ikifa, mwizi akipita, mvua ikiingia, hakuna tena kopi ya nyumba ya pili kama wakati wa flashi. Kwa hiyo kila Jumamosi sekreteri atatoa kopi kwenye diski ya nje, ataiandika tarehe, ataichomoa. Isikae imechomekwa, maana virusi vikiingia kwenye kompyuta vinaifikia nayo. Diski hiyo italala kwa mwanachama wa mtaa mwingine, imefungwa kwa neno la siri linalojulikana na watu wawili. Kila mwezi tutaifungua mbele ya kamati ya ukaguzi tuone kama kaye inasomeka kweli. Kopi ambayo hujaifungua ni ahadi tu.

Wengi wetu hapa tulivuka ziwa mwaka 1996 bila karatasi. Tulikaa Lugufu, tulikaa Nyarugusu, tukajifunza namna mtu anavyosimama mbele ya meza akiulizwa cheti chake kiko wapi, na hana cha kuonyesha. Watoto walisoma kule, wakapata karatasi kule, na tangu meli za kurudi kutoka Kigoma zianze mwaka 2005, karatasi hizo zimevuka maji ndani ya mifuko ya nailoni. Leo picha zake ziko kwenye folda ile. Hatuwezi kuziacha zipotee ndani ya nyumba yetu wenyewe kwa sababu ya kubonyeza vibaya.

Kwa marafiki wanaotusaidia

Ninyi mlioko Tanzania, Ulaya na Marekani, wengi wenu mlikuwa nasi kambini kabla ya kupelekwa huko, tunawashukuru kwa zile mashini. Kama mtatuma tena, tungeomba hivi: moja inayokubali Windows 11 ina faida kuliko tatu za zamani. Diski za nje mbili. Ruta moja ndogo, na kabla ya kuituma someni kibandiko chake: ya volti 12 inapatana vizuri zaidi na mfumo wa sola wenye betri za huku. Hatuhitaji mega za kazi hii, na sasa mnajua kwa nini.

Tuanze lini?

Jumamosi ijayo saa 9 alasiri, parseli ya sekreteri. Kila mtu wa komite aje, na vijana wawili kutoka kila kikundi. Tutaharibu kwa makusudi: nitachomoa kamba, nitabadilisha rezo kuwa Public, nitatoa neno la siri lisilo lenyewe, na ninyi mtatafuta kosa. Mtaanza kila mara na njia, mtafuata na nyumba, mlinzi, ufunguo, mtamaliza na chumba. Karatasi ya hatua hizo tano itabandikwa ukutani juu ya kila kompyuta, kwa maandishi makubwa. Kila kosa mtakalolikuta mtaliandika kwenye daftari: tarehe, lilionekanaje, lilikuwa nini, lilitengenezwa namna gani. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa mwalimu kuliko mimi.

Na mpaka tutakapoona kaye moja inasomeka na kuandikika nyumba zote mbili kwa mwezi mzima bila tatizo, risiti za karatasi zinaendelea. Mtu yeyote akilipa, adai risiti yake, aitunze. Hilo si la kompyuta, ni la kwenu.

Sasa maswali, na wamama waanze.